Filimbi ya Mtani Wangu

Maneno ya kwanza aliyoniambia yalikuwa haya: "Mnyamwezi, godoro moja tu? Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe umeshindwa na godoro?"

Nilikuwa kwenye foleni ya kusajiliwa chuo cha ualimu, Mpanda, godoro kichwani na ndoo mkononi, nimeinama kama nilivyozoea kuinama tangu utotoni. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, suruali ameipandisha mpaka juu ya kitovu, filimbi inaning'inia shingoni. Alikuwa ameshika fomu yangu na amelisoma jina. Kwa lafudhi yake nikajua huyu ni Mfipa. Nikamjibu kabla sijafikiri: "Na wewe Mfipa, ungo wako umeupaki wapi?"

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Mwanafunzi hamjibu mwalimu hivyo, tena siku ya kwanza. Lakini yeye alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawaambia walimu wenzake, "Huyu mwacheni, ni wangu."

Wasioujua utani hudhani ni matusi. Kwetu Mfipa na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukuita mchawi wa kuruka na ungo na kutuma radi, tena mbele ya mkweo, na huruhusiwi kununa. Na siku ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kuvaa nguo zako na kuiga mwendo wako, awachekeshe wafiwa ili wapate kupumua. Kazi hiyo mtu haombi, na akipewa hakatai.

Jioni ya siku ile alinipeleka uwanjani. Mpira wa kikapu sikuujua. Kasekese nilikokulia tulicheza mpira wa miguu, na kwa urefu wangu walinipanga golini, nikafungwa mabao yote ya chini. Nilikuwa nauchukia urefu wangu kama mtu anavyochukia deni la ukoo. Milango ilinigonga paji la uso, kitanda kilinikata miguu, na wasichana waliniita mlingoti. Yule mwalimu hakunipa mpira kwa wiki nzima. Alinisimamisha chini ya ringi na kusema, "Nyooka." Nikinyooka, anazunguka nyuma yangu na kunigonga mgongo kwa filimbi. "Bado. Nyooka, mtoto wa mpagazi, hapa hakuna mlango." Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na siku niliyonyooka sawasawa niliona juu ya paa la bwalo kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na ndala moja kule juu na mpira wa soksi.

Uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya saruji yenye nyufa tatu, nayo ilikuwa sakafu kubwa kuliko zote upande ule wa mji. Kwa hiyo msimu wa mavuno ulipofika, kina mama wa jirani walianika mpunga hapo. Walimwaga asubuhi, wakageuza kwa miguu adhuhuri, na saa kumi wakaanza kukusanya. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuwakataza, na kocha wetu hakutaka wakatazwe. Alichukua ufagio wa chelewa akaanza kufagia mwenyewe, na sisi nyuma yake. Punje moja ya mpunga chini ya raba inamwangusha mtu mzima chali. Kila siku tulifagia kona hadi kona, yeye mbele, suruali juu ya kitovu, akitutukana makabila yetu yote kwa zamu.

Nilicheza miaka miwili. Nilikuwa mzuri, nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli na halinisaidii chochote sasa. Tulizifunga timu za vyuo vya Sumbawanga na Kigoma, tukapanda treni kwenda Tabora kucheza fainali ya kanda. Zilipobaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja, nikafanyiwa faulo. Mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga ringi ukatoka. Wa pili haukugusa hata ringi.

Wenzangu walilia pale pale. Mimi nilikaa sakafuni nikiwa nimejifunika fulana usoni, nikitamani ardhi inimeze. Nikasikia mtu anachuchumaa karibu yangu. "Mnyamwezi," akasema, "ule mpira ungekuwa gunia la chumvi, ungelifikisha." Nikacheka huku machozi yanatoka, na yeye akacheka, na nilipomtazama nikaona macho yake yamelowa pia. Hatukusema neno jingine juu ya mitupo ile, siku ile wala siku nyingine yoyote. Utani ulitubebea yale mazito yote, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni faida tupu.

Baada ya chuo nilichukuliwa na klabu moja ya Dar es Salaam. Msimu wa kwanza goti la kushoto likakatika. Walinipasua, nikatembelea magongo, daktari akaniambia nitatembea vizuri lakini kuruka nisahau. Nikarudi Kasekese na cheti changu cha ualimu, nikapewa darasa la nne na nyumba ya vyumba viwili. Raba zangu nilizifungia kwenye sanduku. Mpira ulikuwa umenipa urefu wangu, kisha ukanitupa, na nilikuwa na hasira nao kama mtu aliyeachwa na mke mbele ya watu. Watoto wa shule waliponiomba niwawekee ringi kwenye mti, niliwafukuza. Sijivunii hilo.

Kocha alinipigia simu kila Jumapili baada ya misa.

"Mtani, hujafa?"

"Nakusubiri wewe utangulie, nije kula pilau."

Hapo tunacheka, anauliza goti, nauliza timu, basi. Siku hizo alikuwa amebaki na timu ya mabinti tu, kumi na wawili, na alikuwa akiwasifu kwa namna yake: huyu hana akili lakini ana mikono, yule ana akili lakini anakimbia kama bata.

Mara ya kwanza aliyoniomba ilikuwa kwa simu. "Mnyamwezi, njoo Mpanda uchukue timu hii. Mkuu wa chuo nimeshaongea naye, uhamisho unawezekana. Nimechoka."

"Tangu lini Wafipa wakachoka? Si upande ungo ukafundishie huko juu."

Alicheka. Nikakata simu nikiwa nimefurahi kwamba nimemjibu vizuri.

Mara ya pili ilikuwa uwanjani kwake. Nilikwenda mjini mwisho wa mwezi, nikapita chuoni kumsalimia. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha ofisini pembeni ya mstari. Miaka yote sikuwahi kumwona amekaa wakati wa mazoezi. Mabinti walikuwa wanafagia wenyewe. Aliponiona akapaza sauti ili wote wasikie: "Nakufa mwaka huu mimi! Nani atawafagilia uwanja hawa? Njoo ubebe, Mnyamwezi."

Nikampazia sauti vile vile. "Kufa basi! Lile koti lako jeusi nalimezea mate siku nyingi, ingawa mikono itaniishia kwenye viwiko."

Mabinti walicheka mpaka wakaacha mafagio. Naye alicheka, lakini alicheka akiwa amekaa, mkono ubavuni.

Mara ya tatu alikuja Kasekese. Ilikuwa Jumamosi, mvua za masika bado hazijaisha, na barabara ilikuwa tope tupu. Alikuja na bodaboda, amevaa koti la mvua la yule dereva. Mke wangu alimwandalia ugali na migebuka, samaki wa ziwani, na yeye, mtu ambaye nilimjua kwa kula, alimega mara tatu akanawa. Alikuwa amekonda na macho yake yalikuwa ya njano. Mimi nikasema, na nayakumbuka maneno yangu yote, "Mfipa, umekonda hivi, radi zako zimekurudia nini?"

Alitabasamu. Akavua filimbi shingoni akaiweka mezani kati ya sahani. Ilikuwa ya chuma, imekwaruzika, na kamba yake ilikuwa fupi na nyeusi kwa jasho la miaka.

"Leo sitanii," akasema.

Sasa, lazima nieleze jambo hapa. Kati ya mimi na yeye, na kati ya watani wote ninaowajua, maneno hayo ndiyo mlango wa utani mkubwa kuliko wote. Ukisikia mtani wako anasema "leo sitanii", unajiweka sawa, maana linalokuja ni la kukuvunja mbavu. Aliwahi kunipigia simu kwa maneno hayo hayo, sauti ya kilio, kunijulisha kwamba kuku wake amefariki na ananitaka nikabebe jeneza. Mfipa na Mnyamwezi hawana neno lililobaki la kuambiana jambo la kweli. Tulikuwa tumeshayatumia yote kwa kuchezea.

"Leo sitanii," alirudia. "Nakuachia hii. Wale mabinti wana mashindano baada ya mavuno. Njoo, hata kwa miezi mitatu tu."

Nikaichukua filimbi, nikaitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake, nikampigapiga kifuani. "Peleka kwa Wafipa wenzako wakaifanyie dawa."

Safari hii hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, mtani," akaomba maji ya kunywa, akamshukuru mke wangu kwa chakula. Nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Alinisemesha juu ya mvua.

Nikisema sikujua, nitakuwa nimedanganya nusu. Macho yale niliyaona. Mke wangu, alipokuwa anaondoa vyombo, aliniambia, "Mzee yule anaumwa sana, na wewe unamchezea." Nikamwambia haelewi utani, kwao hawana. Ukweli ni kwamba sikuutaka ule mpira. Niliogopa kusimama kwenye ile sakafu na goti bovu mbele ya watoto wanaoruka. Na utani ulikuwa ukuta mzuri wa kujifichia, kwa sababu hata aliyekuja kunitoa pale nyuma alilazimika kucheka.

Wiki sita baadaye, mke wake alinipigia. "Shemeji, mtani wako ametuacha." Nikasubiri kicheko. Niliposikia kilio cha wanawake nyuma yake ndipo nikakaa chini, pale pale kwenye veranda ya shule, mbele ya darasa la nne lote.

Msiba ulikuwa nyumbani kwake, Majengo. Nilifika nikitaka kukaa kimya pembeni na wanaume wengine, lakini mtani haruhusiwi. Kaka yake marehemu, mzee aliyetoka Sumbawanga na fimbo yake, aliniona kwa mbali. Haikuwa vigumu, urefu huu haufichiki. "Mnyamwezi amefika," akasema. "Nyie mpeni nguo za marehemu, afanye kazi."

Walinipa koti jeusi. Mikono iliishia kwenye viwiko, kama nilivyosema. Nikapandisha suruali juu ya kitovu, nikachukua ufagio wa chelewa, nikapita uani nikifagia na kutukana makabila ya watu kwa sauti yake. Watu waliangua kicheko. Mjane alikuwa ndani kwenye mkeka, alitoa kichwa mlangoni, akaniona, akacheka mpaka akajifunika uso kwa khanga, na dada yake akaniambia hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu hospitalini. Niliendelea kufagia. Moyoni nilikuwa najisikia mwizi.

Mabinti walikuwa wamesimama karibu na uzio, wote kumi na wawili, fulana za timu juu ya magauni. Kapteni wao alikuwa amebeba mpira kwapani. Wao hawakucheka hata mmoja. Walikuwa wananitazama namna ile watoto wanavyomtazama mtu mzima anayechelewa kufanya jambo linalomhusu.

Makaburini, kabla jeneza halijashushwa, niliingia kaburini. Hiyo nayo ni kazi ya mtani: unalala mle, unakataa kutoka, mpaka wenye msiba wakupe unachodai. Kwa kawaida hudaiwa jogoo au ndoo ya pombe, watu wanabishana kidogo, wanacheka, mambo yanaendelea. Nilikuwa nimeshajipangia kudai kuku wawili na ungo.

Nikalala. Kaburi lilikuwa fupi kwangu, ikabidi nikunje magoti, na lile la kushoto likaniuma. "Nani kapima shimo hili?" nikapiga kelele. "Limemtosha Mfipa, Mnyamwezi hata nusu halimwingii!" Walicheka huko juu. Udongo ulikuwa wa baridi, bado una unyevu wa masika. Nikatazama juu nikaona nyuso zimezunguka ukingo: katekista na kitabu chake, kaka mtu, vijana wenye majembe, na kati yao mabinti wawili watatu wameinama. Nikafikiri: mtu yule alikuja mpaka Kasekese kwenye tope. Nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla, hata Tabora.

"Haya, unataka nini, mtani?" kaka mtu akauliza. "Katekista anasubiri."

"Nataka filimbi yake," nikasema.

Walicheka. Mmoja akasema, "Anataka kwenda kuiuza huyo!"

"Nataka filimbi. Leo sitanii."

Hapo ndipo walipocheka kweli kweli. Wazee walishikana mabega. Kijana mmoja aliangusha jembe. Nilikuwa nalia, kwa sauti, nimekunja magoti ndani ya kaburi la rafiki yangu, nasema sitanii, sitanii jamani, na kila nikisema wanazidi kucheka, kwa kuwa mtani anayelia kaburini anaigiza vizuri. Sikuweza kuwakasirikia. Ndivyo nilivyomfanyia yeye mezani kwangu, na yeye hakuwa na sauti hata ya kulia.

Aliyenyamaza alikuwa mjane. Aliwapita wanaume wenye majembe, akapiga magoti kwenye udongo uliochimbuliwa, akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake. Filimbi ilikuwa mle. Akanishushia mkono, nami nikainyoosha mikono yangu kuipokea. Kicheko kikakatika. Nikaivaa shingoni, nikatoka, na tukamzika.

Jumatatu iliyofuata niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu wangu, nikaenda Mpanda. Uhamisho wenyewe ulichukua muda, lakini mabinti sikuwaacha tena. Siku ya kwanza sikujua niwaambie nini. Nilisimama chini ya ringi na goti langu, nao wamepanga mstari, na nikaona mmoja wao mwishoni, mrefu kuliko wenzake, amekunja mabega kama anayeomba radhi. Nikamwendea nikamwambia, "Nyooka." Sauti haikuwa yangu kabisa. Kwa kabila yule binti ni Mpimbwe wa kule Mamba, si mtani wangu, na nilishukuru kwa hilo. Mpaka leo, mchezaji wangu yeyote akisema anaumwa, hata akisema huku anacheka, namkalisha, nakaa naye, namuuliza mara ya pili na ya tatu mpaka nimwamini. Wanasema kocha huyu hajui mzaha. Wanakosea, ila nawaacha.

Siku ya arobaini tulikusanyika tena Majengo. Baada ya misa na chakula, watu walipoanza kuondoka, mjane alinijia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango. Akaiangalia filimbi kifuani kwangu.

"Kamba imekutosha, shemeji?"

Nikasema imenitosha. Ndipo nikaitazama. Haikuwa ile fupi nyeusi niliyoiona mezani kwangu. Ilikuwa ndefu, kamba mbili nyeupe za raba zilizoungwa kwa fundo dogo, na nilikuwa nimeivaa siku arobaini bila kujiuliza.

"Ile jioni aliyorudi toka Kasekese," akasema, "alikaa hapo hapo ulipokaa. Akachomoa kamba za raba zake zote mbili, akaziunga. Nikamuuliza, sasa mazoezini utavaa nini? Akasema ile kamba ya zamani ni fupi, shingo ya Mnyamwezi iko mbali. Nikamwambia, lakini si umesema amekataa?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema Mnyamwezi hawezi kuona mzigo umekaa chini akaupita."

Niliinamisha kichwa nikalia, na yeye akasimama kando yangu mpaka nilipomaliza. Ilikuwa inakaribia saa kumi, na mpunga ulikuwa bado uwanjani. Nikamuaga, nikaenda kufagia.